Kidonda Chenye Mkia

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana mwingine akiusimulia kabla yangu atauongezea chumvi, na huu umeshakolea. Jumapili moja ya kiangazi, kesho yake tukiwa na intero ya fizika, jaribio la darasani, nilikwenda nyuma ya choo nikakata kitawi cha ule mti wa uzio usio na majani, unaovunjika kama kidole na kutoa maziwa meupe. Nikapandisha suruali, nikadondosha matone matatu kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Mkubwa mmoja wa mwaka wa sita alikuwa ametufundisha: matone matatu, lengelenge moja, siku mbili za kulala nyumbani. Nikasubiri. Hapakutokea kitu. Nikaushuku mti kwamba unanidanganya, nikaukamua wote.

Jumatatu asubuhi mguu ulikuwa umevimba na lengelenge limepasuka. Mwalimu wa fizika hakuja shuleni siku ile. Alikuwa kwenye matanga huko Fataki. Intero ilifanyika wiki mbili baadaye na mimi sikuwepo, kwa hiyo ukitaka tunaweza kusema mpango ulifaulu.

Naandika haya kwa ajili yako uliyekaa sasa hivi kwenye benchi, mguu umefungwa, unawatazama watu kwa jicho la pembeni. Sitakueleza mfupa unavyooza. Docta alinichorea mara mbili na sikuelewa mara zote mbili. Nitakueleza mengine.

La kwanza, usiseme "sijui". Mama aliponiuliza kidonda kimetoka wapi, nilisema, "Sijui, nimeamka nacho." Huenda kwingine hilo ni jibu. Hapa Bunia kidonda kisicho na sababu hutafutiwa sababu, na sababu ikipatikana huwa na jina la mtu. Mama aliketi akafikiri, kisha akaniuliza polepole:

"Juzi ulipita pale Mama Dorika alimwanga maji?"

Mama Dorika ni jirani yetu wa mlango wa pili, anayeleta samaki wakavu kutoka Tchomia. Yeye na Mama walikuwa wanasukana nywele kila Jumamosi. Maji yenyewe yalikuwa ya kuoshea samaki, na kila mtu wa lupango yetu, ua tunaloishi pamoja, alikuwa ameyakanyaga, hata mbuzi. Lakini mbuzi hakuwa na kidonda.

"Labda," nikasema.

Neno moja tu. Jumamosi iliyofuata Mama alisukwa na mtu mwingine. Kisha baba yangu mdogo, aliye mkubwa wa nyumba kila Baba anapokuwa kazini Epulu, akatamka kile ambacho wote walikuwa wanakizunguka: "Mutoto alikanyaga kitu." Kwetu kukanyaga kitu si kukanyaga msumari. Ni kukanyaga ulichotegewa. Baba alipiga simu siku mtandao ulipokubali, akasema, "Mupeleke hospitali," na kabla baba mdogo hajajibu mtandao ukakata. Namshukuru mpaka leo mtu aliyekata mtandao.

Kiangazi kile nilikihesabu kwa pansema, yaani kuoshwa kidonda na kufungwa bandeji mpya. Siku moja pansema, siku moja kupumzika, na vumbi jekundu likiingia mpaka ndani ya bandeji. Benchi la pansema lina sheria zake. Anayenuka hukaa mwisho, karibu na dirisha. Wiki ya kwanza nilikaa katikati. Mwezi wa kwanza ulipoisha nilikuwa dirishani, na hakuna aliyeniambia nihame, nilihama mwenyewe. Sheria nyingine: watu hawakuulizi unatoka wapi. Wanauliza, "Mulipitia njia gani?" Kutokana na njia wanajua lugha yenu ya nyumbani, na kutokana na lugha wanajua waketi umbali gani. Vita imekwisha, tunaambiwa. Benchi halijaambiwa.

Mwezi wa pili wakanilaza, wakaukwangua mfupa. Nilipoamka mguu ulikuwa mwembamba kuliko mkono wa dada yangu mdogo, na ngozi yake ilikuwa inang'aa kama ya kitu kilichopakwa mafuta. Nikaanza kumshuku kila mtu. Nilimshuku infirmiye, muuguzi wa wodi, aliyeniletea biskuti bila sababu, na Mama aliyekuwa anacheka na maneno yangu yasiyochekesha, yeye ambaye hachekagi hata na yale yanayochekesha. Nilishuku hasa Kifaransa. Madocta wakiwa na habari njema wanasema Kiswahili. Asubuhi moja walisimama watatu miguuni pangu wakasema Kifaransa kirefu, na ndani yake nikasikia neno moja mara mbili: *couper*. Kukata.

"Banasema nini?" Mama akaninong'oneza.

"Kupe," nikasema.

Mama amekulia kwenye ng'ombe. Alipumua mpaka mabega yakashuka. "Kupe tu? Si bapake dawa?"

Nilicheka kwa sauti, halafu nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Jioni ile Docta alirudi peke yake na Kiswahili. Alisema wiki mbili zijazo, Jumatatu, wataukwangua mfupa tena, mara ya mwisho. Ukishika, mguu utabaki. Usiposhika, wataukata chini ya goti. Mama akasema baba mdogo anakuja Jumamosi ya kabla ya hapo na pikipiki kunichukua, anipeleke kwa munganga wa miti anayetegua vitu vilivyokanyagwa. Docta alivua miwani. "Mama, akitoka hapa Jumamosi na huu muguu, atarudia hapa bila muguu."

Mama alijibu jibu la mtu mwenye akili: "Weye unatibu kidonda. Ule aliyemutegea, nani atamutibu?"

Ningeweza kusema palepale. Sentensi moja. Nikaomba biskuti.

Sasa kitanda cha sita. Mimi nilikuwa wa saba. Wa sita alikuwa Kaporali, mudemobe, yaani askari wa msituni aliyerudisha bunduki akapewa karatasi. Hakuwa kaporali wa jeshi lolote lenye ofisi, ila jina lilikuwa limeshamkaa. Mguu wake wa kulia ulikatwa zamani, na kile kipande kilichobaki kilikuwa kimefunguka tena. Hakunisumbua kwa sura. Alinisumbua kwa kaye, daftari lake. Alikuwa na kaye ya mistari na biki ya bluu, na aliandika asubuhi, aliandika mchana, akiinua macho kututazama mmoja mmoja na kuandika tena. Mtu anayeandika mbele ya watu wasiojuana, hapa kwetu, hapati rafiki. Wazazi wetu wanajua majina yakiandikwa huenda wapi.

Alhamisi walikuja wenzake wawili, mmoja bila vidole vya mkono wa kulia, mwingine mwenye jicho moja. Waliketi watatu barazani, chini ya dirisha langu, kila mmoja na kaye yake, wakasomeana. Nikatega sikio nikitegemea mipango. Nilichosikia ni yule wa jicho moja akianza: "Bale balikuja asubui..."

"Ulikuwa wapi weye?" wenzake wakamkatiza pamoja.

"Nilikuwa mu nyumba."

"Anza pale."

Akaanza tena, na baada ya mistari miwili "bale" likamponyoka tena, na tena wakamwuliza: ulikuwa wapi weye? Ndiyo ilikuwa sheria yao. Mzaliwa wa Ituri hahitaji kuelezwa neno "bale". Ni wale, lakini si wale wowote. Ni wale ambao hatuwataji, na kila familia ina bale wake, na kila hadithi ya vita niliyowahi kusikia jikoni inaanza na bale. Hawa watatu walikuwa wamelikataza. Waliandika kila walichotaka, mradi sentensi ianze na "mimi". Mwenye vidole vichache alisoma barua aliyoviandikia vidole vyake, akiviuliza vinafanya kazi gani sasa, na wenzake wakacheka mpaka wakakohoa. Mimi sikucheka. Nilijiambia: haya ni maneno ya siri. Vidole ni watu.

Ijumaa Kaporali alipokwenda chooni na magongo yake, niliichukua kaye. Ukurasa wa mwisho ulisema hivi, nakumbuka mpaka makosa:

*Kitanda 7. Eze. Miaka kumi na sita. Muguu ya kushoto. Mama yake anaketi na mugongo ku ukuta, anachunga mulango. Mutoto anachekesha batu. Kidonda iko na mukia.*

Nikairudisha kaye mahali pake. Kidonda changu kina mkia kweli. Pale nilipoukamua mti wote, maziwa yalitiririka kutoka kwenye muundi hadi karibu na kifundo, yakaacha mstari mwembamba, kama mkia wa kiluwiluwi. Docta aliutazama miezi minne bila kuuliza. Hakuna jipu wala mtego unaotiririka kufuata njia ya maji. Yule mtu alijua.

Hapo nikafanya upumbavu wa pili, na huu hata chumvi ingeukataa. Mama aliporudi na maji nilimwambia, "Ule demobe anaandika majina yetu. Anaandika mpaka miaka na kitanda."

Sikumdanganya, unaona. Ndiyo ubaya wake.

Kabla ya chakula cha mchana wodi nzima ilikuwa inajua. Wanawake walivuta vitanda mpaka kitanda cha sita kikabaki peke yake kama kisiwa. Mzee wa kitanda cha nne akaomba aruhusiwe kwenda nyumbani ingawa alikuwa bado na dripu ya serumu mkononi. Wanaume wawili, wageni wa wagonjwa, walikuja wakasimama mbele ya Kaporali bila kusalimia.

"Lete ile kaye."

"Iko yangu."

"Tunajua iko yako. Lete."

Infirmiye mkuu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya filimbi, akaingia katikati yao. Alisema Alhamisi, saa ya wageni, kaye itasomwa mbele ya wote, na kama ina majina ya watu ataitia motoni yeye mwenyewe. "Na ule atamugusa mbele ya Alhamisi, pansema yake atajifunga peke yake." Hakuna aliyemgusa. Lakini kwa siku sita hakuna pia aliyemsogezea hata kikombe cha maji, na chooni alikwenda akipita katikati ya migongo. Nilikuwa naihesabu ile migongo. Wa Mama ulikuwa mmojawapo.

Alhamisi mvua za kwanza zilikuwa zinapiga bati. Watu walijaa mpaka mlangoni. Kaporali aliketi kitandani, wenzake wawili wakasimama nyuma yake, akafungua kaye na kusoma bila haraka, kama mtoto wa mwaka wa tatu wa msingi, na kumbe ndiko alikofikia:

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano. Kesho tulipashwa kutembea mpaka ku ziwa, kupigana. Mimi nilivunja muti ya lupango, ile ya maziwa. Mimi nilipaka muguu ya kushoto. Asubui komanda aliona kidonda, akasema, weye utabaki. Mimi nilifurahi. Rafiki yangu akabeba muzigo yangu juu ya muzigo yake. Mimi nilimuona na mugongo akienda. Hakurudia. Nyuma ya mwaka moja mimi nilikanyaga bombe na muguu ya kuume. Muguu niliyoharibisha njo ilibaki. Ile nilikuwa nachunga njo ilienda."

Akakunja suruali ya mguu uliobaki. Kwenye muundi kulikuwa na kovu, na kovu lilikuwa na mkia.

Kisha mwanamke mmoja mlangoni akauliza, "Na majina?"

Kaporali akafunua ukurasa wa mwisho. Aliutazama, akauchana taratibu kufuata mstari, akanyoosha mkono mpaka kwenye kitanda changu. "Hii haiko yangu ya kusoma," akasema. "Muulize mwenyewe."

"Anakupea nini?" Mama akauliza.

"Zoezi," nikasema.

Mama hakunitazama usoni. Alitazama bandeji, kutoka juu kushuka chini, na hakuuliza tena.

Watu wakatawanyika. Mzee wa kitanda cha nne alirudisha kitanda chake mahali pake bila kuambiwa, akampelekea Kaporali ndizi mbili. Mimi nilikaa na ile karatasi mpaka Ijumaa. Mama alipokwenda kufua nilimgeukia.

"Ju ya nini uliniandika?"

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia bila mama yako asikie. Sikupata. Njo nikaandika, nione kama namna itatoka."

"Si umwambie Mama weye. Unajua kuandika vizuri."

"Vizuri? Uliiba kaye yangu, hukuona makosa?"

"Niliona. Kumi na moja, kwa ukurasa moja."

"Na ile intero yako ya fizika ulipata ngapi, Profesere?"

Nilikuwa nimeichekesha wodi nzima kwa intero ile niliyoikosa, bila kusema kwa nini niliikosa.

"Nikisema miye," akasema, "baba yako mudogo atasema, bale bamemufundisha uongo. Atakubeba kesho. Andika."

Nikaandika nyuma ya ile karatasi. Nilianza: *Mwalimu wa fizika ni mtu mkali sana.* Kaporali akasoma kwa kidole. "Ulikuwa wapi weye?" Nikafuta. *Mkubwa wa mwaka wa sita alitudanganya.* "Ulikuwa wapi weye?" Nikaandika kuhusu Mama Dorika na maji ya samaki, mistari mizuri sana, yenye huruma nyingi. Hakuuliza hata. Alinitazama tu kama mtu anayetazama kidonda cha mwenzake na kujua siku kilipoanza. Nakwambia wewe wa kwenye benchi: mfupa unauma, sindano zinauma, lakini neno "mimi" mwanzoni mwa sentensi lilinitoa jasho kuliko vyote, na mimi ndiye ninayesemaga darasa zima likae kimya linisikilize.

Jumamosi baba mdogo alifika mapema, koti la mvua likichuruzika. Mama alikuwa ameshafunga sufuria, mkeka na blanketi katika kitenge.

"Simama, Eze. Pikipiki inangoja."

"Baba mdogo, nisome kwanza kitu."

"Utasoma njiani."

"Mwache asome," Mama akasema. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Nikajua kwamba alikuwa anangoja tangu Alhamisi, na kwamba kama nisingesoma angeniacha niende, ili aone nitafika wapi na uongo wangu. Au sivyo. Mpaka leo sina hakika na yule mwanamke.

Nikasoma. "Mimi nilienda nyuma ya choo. Mimi nilivunja mti wa uzio. Mimi nilipaka maziwa mara ya kwanza, mimi nilipaka mara ya pili. Mimi nilisema labda. Mama Dorika alimwaga maji ya samaki. Mimi nilimwona Mama anaacha kumsalimia, na mimi nilinyamaza. Mimi nilisema Kaporali anaandika majina. Mimi sikukanyaga kitu. Mimi nataka kubaki na mguu."

Baba mdogo alinyang'anya karatasi akaitazama pande zote mbili, kana kwamba uongo ungekuwa umejificha kwenye upande wa pili. Upande wa pili akaona mwandiko mwingine, akasoma hadi kwenye mkia. Akamtazama Kaporali. Kaporali alikuwa anatazama mvua. Baba mdogo akainama, akafungua bandeji yangu mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kufanya miezi yote ile kwa sababu ya harufu, akaufuata ule mstari kwa kidole mpaka kifundoni. Akatoka. Tukasikia pikipiki ikiwaka na kuondoka, bila mimi.

Jumatatu walikwangua. Mfupa ulishika, ingawa sikuamini mpaka Docta aliposema kwa Kiswahili, na hata hapo nilimwomba arudie. Mguu upo. Umepungua urefu kidogo, natembea kama mtu anayekwepa tope, na shuleni nimeshapewa majina matatu, mawili nilijitungia. Sindano ziliendelea mpaka mvua zikapungua. Kaporali aliruhusiwa kabla yangu. Kaye alikwenda nayo, na sijui ameniandika tena namna gani. Mama alibisha kwa Mama Dorika Jumapili moja, peke yake. Walichosema hakuna aliyeniambia. Alirudi na nywele zimesukwa nusu, akasema nusu ya pili ni wiki ijayo, kama huyo mwenzake atakuwa amepoa.

Ila Jumamosi ile, baada ya pikipiki kuondoka, Mama alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda. Nilijifunika kichwa nikingoja kofi. Nilisikia akifungua fundo la kitenge, akitoa sufuria, akikoroga. Akalivuta shuka kutoka usoni mwangu. Neno kwa neno, alisema hivi:

"Miezi tano nachunga mulango juu yako, kumbe adui yako nilikuwa namulisha miye mwenyewe na kijiko. Fungula kinywa, uji inapola."